Je, ni vibaya kumtolea Mungu bila mume kujua? Naomba ushauri wenu

Mama Vitenge, Nakuru (mwenye uzi)
Wapendwa, nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi upande wa Free Area na nina kibanda cha vitenge sokoni. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Bahati. Tulifunga ndoa kanisani na kwa miaka mingi tuliabudu pamoja, lakini tangu kanisa lianze kujenga jengo jipya ameacha kuja, akisema amechoka kuhubiriwa mabati na saruji kila Jumapili. Mimi hanikatazi kwenda. Ila alisema waziwazi kwamba hataki kusikia shilingi ya nyumba hii imeingia katika ujenzi huo, nami moyo wangu haunipi ruhusa ya kukaa kimya wenzangu wakitoa. Swali langu ni moja: mke anayemtolea Mungu kwa siri anamkosea mumewe, au ni mume anayezuia ndiye mwenye kosa? Naomba majibu ya watu wanaomcha Mungu, si matusi.

Shemasi Mstaafu, Kakamega
Mama, usisumbuke. Malaki 3:10 imesema leteni zaka kamili ghalani, wala haikusema mkaulizane kwanza chumbani. Sisi tuliolelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Quaker, lililoanzia Kaimosi mwaka 1902, tuliona wazazi wetu wakitoa mahindi, kuku na siku zao za kazi bila kunung'unika. Tulipojenga kanisa letu la kijijini, mimi nilitoa fahali niliyekuwa nimemtenga kwa ajili ya mahari ya mwanangu, na mwanangu alioa hivyo hivyo. Siku hizi watu wanahesabu mno.

Mzee wa Kibuye, Kisumu
Shemasi, huyo mwanao alioa kwa deni, sema ukweli. Mimi nyumbani kwangu shida si jengo, ni kwaya. Sare ya mwaka juzi ilikuwa ya zambarau, ya mwaka jana ya kijani, na sasa mke wangu ananieleza kwamba rangi ya dhahabu ndiyo inayompendeza Bwana. Nimeacha kuuliza. Mama Vitenge, katika Matendo ya Mitume, Anania na mkewe Safira waliungana kulificha kanisa fedha. Wewe umeungana na kanisa kumficha Anania, na mimi sijui Petro angekuambia nini.

Karani wa Mikopo, Eldoret
Dada, kabla hatujafika kwa Malaki, tueleze mambo mawili. Ni kiasi gani, na fedha zinatoka wapi? Umesema "kutoa", lakini fungu la kumi la faida ya vitenge ni jambo moja, na ahadi ya ujenzi iliyoandikwa katika daftari la kamati ni jambo jingine kabisa.

Mama Vitenge
Fedha ni za jasho langu. Kibanda ni changu, nilikianza kwa mtaji niliopewa na mama yangu. Sidhani kiasi kina umuhimu mbele za Mungu.

Binti wa Mumias
Kama fedha ni zako, dada yangu, kwetu sisi Waislamu swali lako lingekuwa jepesi. Mali ya mke ni ya mke, na kumlisha na kumvisha ni wajibu wa mume hata kama mke ni tajiri. Zaka nayo ina kipimo, ambacho ni sehemu moja kwa arobaini ya mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayekushika mkono usomewe jina lako mbele ya watu. Bibi yangu alikuwa akitoa sadaka ya mihogo usiku ili jirani asimwone aliyeileta. Lakini mali ya mume hugusi bila idhini yake, labda kile kidogo ambacho desturi ya nyumba imekiruhusu. Kwa hiyo namuunga mkono Karani: ni zako kweli?

Karani wa Mikopo
Bado hujajibu kiasi.

Mama Vitenge
Basi, kwa kuwa mnaniona mwizi, nitasema. Siku ya harambee mchungaji alitutaka tusimame kwa imani, nami nikasimama na kuahidi shilingi 150,000. Kibanda hakina fedha hizo kwa mara moja, kwa hiyo nilichukua mkopo katika Sacco yetu, chama chetu cha akiba na mikopo. Mume wangu ni mwanachama wa Sacco hiyo hiyo, naye ni mmoja wa wadhamini wangu. Alitia sahihi mwenyewe, wala sikuighushi. Nilimwambia ni wa kuongeza bidhaa, na si uongo mtupu, kwa maana Mungu akibariki jengo atabariki na biashara. Wala msidhani sina mpango. Tuna ploti Njoro tuliyonunua pamoja, haina kitu ila nyasi, na mnunuzi amekwisha kuja kuiona. Nikiiuza nitamaliza deni, kisha nitamweleza mume wangu yote kwa utulivu.

Mjane wa Bungoma
Nisikilize mwanangu, maana haya niliyaishi kutoka upande wa pili. Marehemu mume wangu aliniomba nimdhamini, nikatia sahihi nikiwa nimebeba mtoto mgongoni, bila kusoma hata mstari. Fedha zilikwenda nilikokuja kukujua kwenye matanga yake. Nilipotaka akiba yangu nilipe karo, karani alinigeuzia kompyuta nione mwenyewe: jina langu, akiba yangu, na pembeni neno kwamba imeshikiliwa kwa ajili ya mkopo wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Sikulia kwa sababu ya fedha. Nililia kwa sababu watu wote katika ofisi ile walijua jambo la nyumba yangu ambalo mimi sikulijua.

Karani wa Mikopo
Mama amemaliza hotuba yangu. Niongeze tu kwamba mdhamini hatoi sahihi ya heshima. Akiba yake inafungwa kwa kiasi alichodhamini, na ukishindwa kulipa, inakatwa. Ama kuhusu ploti, sahau. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya wanandoa wote wawili kabla mali ya ndoa haijauzwa, na kama majina yenu yote yamo katika hati, hakuna wakili mwenye akili atakayepitisha mauzo kwa sahihi moja. Ukipokea malipo ya awali kwa huyo mnunuzi, utakuwa umejipatia mdai wa pili.

Msema Kweli, Kericho
Samahani, mimi nasimama hapa. Uzi huu ni wa kutungwa. Kwanza ni swali la dhambi, halafu ahadi, halafu mkopo, halafu ploti, kila jibu linaleta sehemu mpya kama mchezo wa redio. Na Kiswahili hiki, "kwa maana Mungu akibariki jengo", ni cha mtu anayesahihisha insha. Nawaambieni, mwandishi ndiye mwalimu mwenyewe. Amegundua mambo, sasa anatafuta watu wa kumwambia mkewe amekosa ili amsomee majibu haya.

Mzee wa Kibuye
Hata mimi nilianza kushuku alipokubali kuitwa mwizi bila kunitukana. Mwalimu, kama ni wewe, pole sana. Na rudi kanisani angalau ukahesabu mabati.

Binti wa Mumias
Na akiwa ni mwalimu, je, ushauri unabadilika? Mkopo ni ule ule na ploti ni ile ile.

Mama Vitenge
Kwani muuza vitenge hakusoma? Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama ninyi. Kama ningekuwa natunga, ningejitungia mume mlevi ili mnihurumie. Wangu hanywi, hapigi, na kila Jumamosi yeye ndiye anayewafulia watoto sare. Ndiyo maana nashindwa kumwambia. Mwezi uliopita nilichelewesha malipo, Sacco ikatuma ujumbe kwa wadhamini wote. Aliusoma mezani, akauweka uso wa simu chini, akaniuliza kama vitenge haviuziki siku hizi. Nikasema haviuziki. Tangu hapo, akirudi jioni, anapitia kibandani na kununulia dada zake vitambaa ambavyo hawakuviagiza.

Shemasi Mstaafu
Mama, nimesoma hilo la vitambaa nikafungua tena Biblia. Hesabu sura ya 30 inazungumzia nadhiri ya mwanamke aliyeolewa. Mumewe akisikia na kuikataa siku ile ile, nadhiri inatanguka na Bwana atamsamehe mke. Akisikia akanyamaza siku baada ya siku, ameithibitisha. Yote yanasimama juu ya neno "akisikia". Wako hajasikia. Sijatangua niliyosema kuhusu zaka, lakini ahadi hii si zaka.

Mjane wa Bungoma
Sura hiyo hiyo inasema nadhiri ya mjane inasimama juu yake mwenyewe. Mimi sina mume wa kuitangua. Wewe unaye, tena anakununulia vitenge.

Mama Vitenge
Nimewasikia. Mnunuzi nitamwambia asubiri. Kumwambia mume wangu nitamwambia, lakini si sasa, maana yuko katika kusahihisha mitihani na shangazi yake anazikwa Jumamosi. Afadhali shule zikifungwa. Na mchungaji amenipigia leo kuuliza kama naweza kusaidia pia upande wa viti.

Karani wa Mikopo
Malipo yako ya mwezi huu yanatakiwa tarehe ngapi? Ukichelewa tena, ujumbe utatoka kabla shule hazijafungwa.