Naomba ushauri: konrodi za foji kwenye Forester ya tabo, nifunge sasa au nisubiri?

Mkazi wa Nyegezi

Habari za wakati huu, wakuu. Nina Subaru Forester ya SG5 yenye injini ya EJ20 ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambayo kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 220. Nimekwisha kubadilisha bomba la moshi, pampu ya mafuta na nozeli, na fundi anayenitengenezea programu ya kompyuta ya injini amepandisha presha ya tabo hadi bar 1.2. Gari ninalitumia kila siku hapa mjini, na mara kwa mara ninakwenda Geita kikazi, safari ambayo tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 inashawishi mguu kuwa mzito kuliko enzi za kusubiri kivuko.

Lengo langu ni kufika farasi 300 hivi. Muuzaji mmoja wa vipuri ananisisitizia kuwa nisiongeze chochote kabla ya kufunga konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, yaani mhimili mkuu unaozunguka wa injini) za foji, yaani zile za chuma cha kufua, kwa hoja kwamba za kiwandani zitapinda. Nimetenga shilingi milioni 5 kwa kazi nzima. Je, konrodi ndizo za kuanzia, na kama ndizo, niangalie nini ninaponunua? Naongeza kwamba tulipopima mgandamizo wa silinda tulipata bar 9.0, 8.9, 7.8 na 9.0. Injini haili oili wala haigongi, ila inatetemeka kidogo ikiwa sailensa, yaani inapowaka bila kukanyagwa mafuta.

Fundi wa Igoma

Mkuu, kabla ya kuzungumzia foji, hiyo silinda ya tatu inadai maelezo. Usitishike kwamba namba zote ziko chini ya zile za kwenye kitabu cha gari, kwa sababu Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kipimo cha mgandamizo hushuka pamoja nayo. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Mwambie fundi wako aipandishe pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, kisha aingize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na asikilize inatokea wapi. Ikivuma kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma upande wa ea klina, ni vali ya kuingizia. Ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni yenyewe, na pistoni za injini hiyo zinajulikana kwa kuvunjika kingo za ringi pale petroli inapogonga kwa sababu ya joto na presha kubwa. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Ikiwa haivuji kuliko wenzake na bado mgandamizo uko chini, maana yake pistoni haifiki ilipokuwa ikifika, na konrodi imefupika kwa kupinda.

Sasa nikuulize: gari hilo limewahi kupita kwenye maji mengi?

Mkazi wa Nyegezi

Limewahi, mkuu. Ilikuwa msimu wa masika, kabla sijaigusa tabo kabisa, siku ambayo mto Mirongo ulifurika hadi barabarani. Lilizima katikati ya maji, tukalivuta, fundi akatoa plagi na kuzungusha injini maji yakaruka nje, na kesho yake likawaka bila kelele yoyote. Nitaleta majibu ya hewa ya kompresa.

Mstaafu wa Bwiru

Naomba niweke msingi kidogo, kwa kuwa wauzaji wengi huchanganya mambo mawili tofauti. Konrodi inabeba mizigo ya aina mbili. Wa kwanza ni wa kusukumwa: mchanganyiko unapowaka, gesi inaikandamiza pistoni. Pistoni ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, hivyo presha ya silinda ikifika bar 100 kwa mfano, juu ya konrodi kunakaa uzito wa karibu tani 6.8. Mzigo huu ndio unaopinda konrodi, na hauhitaji mizunguko mingi. Tabo inayojaa mapema na dereva anayekanyaga hadi mwisho akiwa gia ya juu kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika huitesa konrodi kuliko anayeivuta injini taratibu hadi 6,000.

Wa pili ni wa kuvutwa. Pistoni ikifika juu mwishoni mwa kutoa moshi hakuna gesi ya kuizuia, na konrodi peke yake, pamoja na boliti zake mbili, ndiyo inayoirudisha chini. Mzigo huo unakua kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 6,500 kwenda 7,500 umeongeza takribani theluthi moja, presha ya tabo iwe imepanda au haijapanda. Hapo ndipo boliti hukatika, na boliti ikikatika bloki hutobolewa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia foji akuulize kwanza unataka nguvu hiyo kwenye mizunguko ipi. Foji zenyewe haziongezi hata farasi mmoja.

Kuhusu maji, hayagandamiziki. Yakijaa silindani kuliko nafasi iliyobaki pistoni ikiwa juu, kinachosalimu amri ni konrodi, hata kwenye gari lisilo na tabo.

Mdau wa Kapripointi

Nakubaliana na mzee. Mimi nizungumzie ununuzi, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotelea.

Kranki za EJ zipo zenye shingo ya konrodi (pale konrodi inaposhika kranki) ya milimita 48 na zenye milimita 52, na konrodi za foji huuzwa kwa vipimo vyote viwili, kwa hiyo kranki yako ipimwe kwa maikromita kwanza. Pini ya pistoni nayo ioane na kibushi kilichomo kwenye jicho dogo la konrodi. Konrodi nyingi za foji zinafuliwa kwa chuma cha daraja la 4340, chenye nikeli, kromu na molibdeni, lakini neno hilo kwenye boksi kila mtu anaweza kulichapa. Mimi huangalia boliti zimetoka kwa nani, na kama boksi lina karatasi inayotaja kiasi ambacho boliti inapaswa kurefuka inapokazwa. Boliti ya konrodi inashika kwa kuvutika kidogo kama springi, ndiyo maana toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) pekee haitoshi: ukibadilisha mafuta ya kupaka kwenye nyuzi, namba ileile ya toki inakupa mkazo tofauti. Pakaa kilainishi kilichokuja na boliti, kaza, pima urefu, andika.

Kila kofia, yaani kile kipande cha chini kinachofungwa kwa boliti, irudi kwenye konrodi yake na upande wake. Nafasi ya oili kati ya bering na shingo, kwa kranki ya milimita 52, iwe karibu milimita 0.05, na ipimwe kwa vifaa, si kwa kuzungusha kwa mkono na kusema "inateleza vizuri". Nimewasikia mafundi wazuri kabisa wakisema hivyo.

Wa Mbagala

Nyongeza fupi kutoka Pwani: geji ya tabo inasoma presha iliyo juu ya hewa ya nje. Bar 1.2 ya Mwanza si sawa na bar 1.2 ya Dar es Salaam, kwa kuwa huku hewa ya kuanzia ni nzito kwa zaidi ya asilimia 10. Ukija nalo huku, programu ipitiwe upya kabla ya kulikanyaga.

Mkazi wa Nyegezi

Wakuu, majibu haya hapa. Silinda zote nne zinavuja karibu sawa, na hiyo ya tatu haivumi popote. Fundi anasema moja kwa moja kuwa konrodi imepinda. Sasa injini inashuka, hilo halina mjadala tena. Nichukue konrodi nne za kiwandani zilizotumika, au niende foji?

Fundi wa Igoma

Kwa farasi 300 na mizunguko ya kawaida, mimi konrodi za kiwandani zenye afya siziogopi, maana za kwako zimeshindwa na maji. Ningechukua hizo, nikazikagua unyoofu, nikafunga boliti mpya, na fedha iliyobaki nikaiweka kwenye pistoni za foji, kwa kuwa hizo ndizo zinazotangulia kufa.

Mdau wa Kapripointi

Hapo tunatofautiana, fundi. EJ haifunguliwi kwa kuvua sampo (beseni la oili chini ya injini) tu. Lazima utoe vizibo vya pembeni ya bloki, uvute pini za pistoni kupitia matundu yake, kisha upasue bloki vipande viwili. Gharama ya kuifikia konrodi ni kubwa, na ukishafika pale, tofauti ya bei kati ya konrodi iliyotumika isiyo na historia na mpya ya foji ni ndogo kuliko kushusha injini mara ya pili. Kuhusu pistoni sikupingi.

Mkazi wa Nyegezi

Nimewaelewa wote wawili. Nitafunga pistoni na konrodi za foji kwa pamoja, na lengo litabaki farasi 300, presha ikija taratibu ili isijae yote chini ya mizunguko 3,500. Naagiza seti nzima pamoja na bering wiki hii.

Fundi wa Igoma

Bering usiagize bado. Silinda ya tatu imefanya kazi muda wote huo na konrodi iliyopinda, kwa hiyo pistoni imekuwa ikiegemea ukuta na bering imekuwa ikiliwa upande mmoja. Bloki ipasuliwe, ukuta wa silinda upimwe juu, katikati na chini, na shingo ya kranki ipimwe pande mbili. Ikibidi kusaga kranki, saizi ya bering itabadilika. Ikibidi kuchonga silinda, saizi ya pistoni nayo itabadilika. Konrodi pekee ndizo unazoweza kuagiza leo, mradi umeshajua kranki yako ni ya 48 au 52.