MyD88 si kimeng'enya, mbona kuikosa kunaleta maradhi?

Mwanafunzi wa maabara, Kisumu
Habari za jioni. Naomba ufafanuzi kuhusu MyD88, protini unganishi ambayo vipokezi vya Toll (TLR), vinavyotambua vijidudu, isipokuwa kile kiitwacho TLR3, huitegemea kupitisha habari ndani ya seli za kinga. Nimesoma kwamba haikati kitu wala haitii fosfeti, alama ya kemikali ya kuwasha au kuzima, kwenye protini nyingine. Kwa nini basi mtoto aliyezaliwa bila hiyo huugua vikali, tena maradhi machache tu?

Mwalimu wa biolojia, Kakamega
Mfikirie dalali wa ng'ombe pale soko la Chwele: mnyama si wake, pesa si zake, lakini ndiye anayewakutanisha wenyewe. Kwa ncha yake iitwayo TIR, MyD88 hushikamana na kipokezi kilichonasa bakteria. Kwa ncha ya pili huzikusanya protini za IRAK4 na IRAK2. Umbo lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha mnara uliojisokota wenye molekuli 6 za MyD88, 4 za IRAK4 na 4 za IRAK2. IRAK4 ndizo zinazotia fosfeti, nazo huamshana zikibanwa pamoja. Habari hupitia protini ya TRAF6 hadi NF-κB, protini ambayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe.

Tabibu, Nakuru
Mimi nimevutiwa zaidi na hayo maradhi machache. Wagonjwa walioelezwa mwaka 2008 walisumbuliwa hasa na bakteria wa usaha, wakiwamo nyumokoka na stafilokoka, ilhali walihimili virusi vingi. TLR3 ina njia yake kupitia TRIF, protini unganishi nyingine, na kingamwili na seli T hubaki kazini, jambo linalosaidia kueleza kwa nini wanaovuka utoto huugua kidogo. Wodini jihadharini: interleukini-1, protini ya kinga inayopandisha joto, nayo hupitia MyD88, kwa hiyo homa inaweza kuchelewa au kuwa ndogo hata bakteria wakiwa wamejaa damuni, na anayesubiri mtoto achemke ndipo aanze antibayotiki atakuwa amechelewa.

Mwanafunzi wa maabara, Kisumu
Nashukuru sana. Je, ikifanya kazi kupita kiasi?

Mwalimu wa biolojia, Kakamega
Hapo huingia saratani. Katika ugonjwa wa Waldenström, saratani ya seli B (seli za kinga zinazohusika na kingamwili), zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wana badiliko la L265P, yaani katika MyD88 asidi amino ya lusini ya nafasi ya 265 imebadilishwa kuwa prolini. Mnara hujijenga bila kuitwa, na seli B hupata amri ya kuendelea kuishi. Dawa ya ibrutinib haiigusi MyD88 yenyewe bali huzuia BTK, kimeng'enya kinachochochewa nayo, kwa sababu protini isiyo na tundu la kimeng'enya haimpi mtengeneza dawa mahali rahisi pa kushika.