Kwotabeki wa mwaka wa kwanza: aanze kikosini au avishwe redishati?

Mwanzisha mada (Houston, Texas)

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo kila msimu wa futiboli ya vyuo unapokaribia huku Marekani linatugombanisha sebuleni. Chuo kimesajili kijana bora kutoka sekondari, nafasi yake kwotabeki. Aanzishwe mwaka huohuo, au avishwe redishati?

Kwa walio nyumbani ambao mchezo huu hawaufuatilii: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha anaamua kama aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Redishati ni mwaka wa kukaa nje. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inampa mchezaji miaka mitano ya kumaliza misimu minne, kwa hiyo mwaka mmoja anaweza kuutumia kufanya mazoezi, kujifunza mfumo na kujenga mwili bila kupoteza msimu wa kucheza. Tangu 2018 anaruhusiwa kugusa hadi mechi nne na mwaka huo bado ukahesabiwa wa redishati. Zamani mjadala huu haukuwepo kabisa, maana hadi 1972 vijana wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza timu kubwa.

Msimamo wangu ni huu. Kocha asianze kwa kuangalia mkono wa kijana. Aanze na wale watano wanaosimama mbele yake kumlinda. Laini ikiwa mbovu, kijana avishwe redishati, hata kama kipaji chake kinatisha. Na asimwanzishe kwa sababu tu anaogopa atahama.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa mtoto wa dada yangu. Alicheza nafasi hii kwenye chuo kidogo ambacho sitakitaja. Alifika Agosti akiwa na miaka 18, na timu ilipoanza msimu alikabidhiwa yeye. Mkononi alivaa mkanda wenye kadi ya plastiki, maandishi madogo kama ya karatasi ya ndani ya boksi la dawa, kila mpango na namba yake. Usiku alikuwa ananipigia simu nimtajie namba, naye anaeleza mpango mzima: nani anakimbilia wapi, nani anamzuia nani, ulinzi wa wapinzani ukijibadilisha yeye anageuza nini. Kwenye simu hakosei hata kimoja.

Mechi ya tatu nilikuwa nimekaa karibu kabisa na uwanja. Nikamwona anainua mkono, anasoma kadi, anatazama saa ya sekunde 40 inavyoshuka, anarudi kusoma kadi ileile. Mpira ulipomfikia, jamaa wa upande wa pili alikuwa ameshampita mlinzi wake wa kushoto. Siku ile aliangushwa mara sita. Ilipofika Oktoba alikuwa hawatazami tena wapokeaji wake, anawatazama wanaokuja kumwangusha. Mpira bado uko mkononi, macho yameshashuka chini. Dada yangu aliniuliza, "Mbona siku hizi anacheza kama anajikinga?" Sikuwa na la kumjibu.

Mfano wa wazi kwa wote ni Christian Hackenberg wa Penn State. Alianzishwa 2013 akitoka moja kwa moja sekondari, chuo kikiwa kimepunguziwa nafasi za ufadhili kwa adhabu ya NCAA, kwa hiyo kikosi kilikuwa chembamba. Msimu wa 2014 aliangushwa mara 44. Jets, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, walimchukua 2016 katika raundi ya pili ya kuchagua wachezaji wa vyuo, lakini hakucheza hata mechi moja ya ligi NFL. Sasa wapime waliovundikwa kwanza. Johnny Manziel alivaa redishati Texas A&M 2011, mwaka uliofuata akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Jameis Winston alikaa nje Florida State 2012, na 2013 akachukua Heisman pamoja na ubingwa wa taifa.

Karibuni.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Mkuu, pole kwa kijana wetu. Ila kwa Hackenberg umejifunga mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza alirusha yadi 2,955 na akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza katika Big Ten, ligi ya vyuo wanayochezea Penn State. Zile mara 44 zilikuja mwaka wa pili. Sasa kama angevishwa 2013, angeanza lini? 2014 hiyohiyo, nyuma ya laini ileile, na kocha aliyemsajili ameshaondoka kwenda Houston Texans ya NFL. Redishati ingemwokoa na nini?

Jambo la pili, watu wanadhani anayekaa nje anasoma mfumo wa timu yake. Mara nyingi sivyo. Anawekwa kwenye kikosi cha kuigiza mpinzani. Wiki hii anajifanya kwotabeki wa Michigan, wiki ijayo wa Penn State, anasoma mipango kwenye kadi anazoshikiwa ili mabeki wa timu yake wapate mazoezi. Miezi minne anacheza mpira wa watu wengine.

Halafu nani alisema aliyekaa nje ndiye aliyeiva? Spencer Rattler alivaa redishati Oklahoma 2019. Oktoba 2021, dhidi ya Texas, timu iko nyuma 28 kwa 7, akatolewa akaingia Caleb Williams, kijana wa mwaka wa kwanza kabisa. Oklahoma ikashinda 55 kwa 48. Mwaka uliofuata Williams alikuwa USC na Heisman mkononi. Jalen Hurts alianzishwa Alabama 2016 akiwa mwaka wa kwanza, akaifikisha fainali. Fainali ya Januari 2018, wakiwa nyuma 13 kwa 0 mapumzikoni, akapigwa benchi, akaingia Tua Tagovailoa, naye wa mwaka wa kwanza, wakaichapa Georgia 26 kwa 23 kwa pasi ya yadi 41 kwenye muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Trevor Lawrence, naye wa mwaka wa kwanza, aliipa Clemson ubingwa, Alabama ikala 44 kwa 16. Hurts, aliyeanza mapema kuliko wote hawa, mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL. Kuanza mapema hakukumvunja.

Na tangu 2024 kocha anazungumza na kwotabeki kupitia redio ndani ya helmeti. Ile kadi ya mkononi inapoteza kazi yake.

Mchangiaji (Nairobi)

Hamjambo nyote. Mimi huufuata mchezo huu kwa sababu ya binamu yangu aliye huko. Nauliza tu: kwetu kwenye soka kijana kama huyu angetolewa kwa mkopo, acheze mwaka mzima klabu ndogo kisha arudi. Huko hakuna kitu kama hicho?

Mchangiaji (Dallas, Texas)

Ndugu yangu wa Nairobi, mkopo hakuna. Ukiondoka umeondoka.

Mimi ni mama, mwanangu yuko sekondari na anacheza nafasi hii. Naomba mnisikilize kwa jicho la mzazi. Mnapiga hesabu za Heisman, mimi napiga hesabu za karo. Kijana akivaa redishati na ufadhili wake ukaendelea, amepata mwaka wa tano wa kusoma bila kulipa. Shahada ya kwanza unaweza kuimaliza ndani ya miaka minne au pungufu, kwa sababu huwa wanasoma hata wakati wa kiangazi, na mwaka wa mwisho akaanza shahada ya uzamili huku anacheza. Watoto wengi wa nafasi hii hawatafika NFL. Goti likikatika akiwa na miaka 18, cheti ndicho kitakachobaki.

Tena kuna jambo la mwili. Mwanangu ana kilo 79. Atakaoshindana nao huko ni wanaume wa miaka 22 na 23, wengine kilo 120 na wanakimbia. Kocha akija nyumbani kwangu akaniahidi kwamba mtoto ataanza siku ya kwanza, hapo ndipo nitakapoanza kumwogopa.

Mwanzisha mada

Mama, hilo la mwaka wa tano nilipaswa kuliweka juu kabisa. Nashukuru.

Ndugu wa Columbus, kwa Hackenberg nakubali, umenishika. Redishati peke yake isingemtibu. Lakini angalia umenipeleka wapi: wewe mwenyewe unasema tatizo lilikuwa laini. Ndicho ninachokisema. Mwaka wa kukaa nje una maana tu kama chuo kinautumia kutafuta walinzi. Kama hakifanyi hivyo, kijana anacheleweshwa kuumia.

Sasa tuwarudie mabingwa wako. Walisimama nyuma ya nani? Hurts na Tua walikuwa Alabama ya kocha Nick Saban, timu iliyokuwa inapeleka walinzi wa laini NFL kana kwamba ina kiwanda chao. Tena Tua hakuanzishwa msimu ule. Alisugua benchi nyuma ya Hurts tangu Septemba, akaingizwa dakika za mwisho za mechi ambazo zilikuwa zimeshaamuliwa. Fainali ile ya Januari ilimkuta ameshakaa na mfumo mwaka mzima. Lawrence alimaliza sekondari mapema, akaingia Clemson Januari 2018, akafanya mazoezi yote ya machipuko, na mechi nne za kwanza alipokezana na kwotabeki mwenzake, Kelly Bryant. Huko sikuiti kutupwa uwanjani.

Na kisa cha Clemson hakikuishia hapo. Lawrence alipotangazwa kuanza, Bryant alikuwa amecheza mechi nne tu, akatumia ile sheria mpya ya mechi nne kuulinda mwaka wake na kuondoka, baadaye akaenda Missouri. Jumamosi iliyofuata wanacheza na Syracuse, Lawrence anagongwa kipindi cha kwanza, harudi. Aliyeingia ni Chase Brice, kijana aliyekuwa amevaa redishati mwaka uliotangulia. Akaisogeza timu yadi 94 kwenye shambulizi la mwisho, Clemson ikashinda 27 kwa 23. Ule ubingwa wa Lawrence kwanza uliokolewa na mtu aliyekaa nje mwaka mzima akisubiri. Hii sehemu huwa hamuisimulii.

Redio ya helmeti ni msaada, sikatai. Lakini inazimwa saa inapobakiza sekunde 15, na ulinzi unaojua kazi yake unasubiri hapo ndipo ujigeuze. Sekunde hizo kijana yuko peke yake, hana kocha sikioni.

Hili la kuigiza mpinzani ndilo lililonifikirisha zaidi, kwa sababu ni kweli. Hapo lawama naiweka kwa makocha. Sheria inawapa mechi nne. Wampe kijana mechi hizo nne za kweli, wazichague mapema, dhidi ya timu ambazo laini inazimudu, na siku za mazoezi wamtengee muda na mfumo wa timu yake mwenyewe. Wengi hawafanyi hivyo. Wanamweka kando mpaka mwenye nafasi aumie, ndipo wanamtupa uwanjani Novemba akiwa baridi.

Kuhusu hofu ya kuhama, ambayo naamini ndiyo inayowaendesha makocha wengi siku hizi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina lake, kama kwenye matangazo, na tangu mwaka huohuo akahama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu. Kwa hiyo wanasema: nisipomwanzisha, dirisha likifunguliwa ataondoka. Ni kweli Quinn Ewers alifika Ohio State 2021, akacheza mipira miwili tu, Desemba akaenda zake Texas. Lakini Dylan Raiola alianzishwa Nebraska tangu mechi ya kwanza ya 2024. Novemba 2025 akavunjika mguu, msimu ulipoisha akahamia Oregon. Walimpa nafasi yote, na bado aliondoka. Arch Manning naye alikaa Texas nyuma ya Ewers huyohuyo, akavaa redishati 2023, akasubiri tena 2024, ndipo 2025 timu ikawa yake. Mlango ulikuwa wazi muda wote huo na hakuutumia. Kwa hiyo kumwanzisha kijana hakumfungi kamba, na kocha anayemuingiza motoni kwa hofu hiyo anaweza kumpoteza pia akiwa ameumia.

Mtoto wa dada yangu alihama mwishoni mwa mwaka wake wa pili. Chuo kipya kilimchukua kama mpokeaji. Anasema anapenda zaidi kule pembeni, kwa sababu anayekuja kumgonga anamwona.

Mwenye mfano wa kijana wa mwaka wa kwanza aliyeanzishwa nyuma ya laini mbovu, akaangushwa msimu mzima, na bado mwaka wa tatu akawa bora kuliko alivyoingia, amlete tumchambue. Nimetafuta, na nitafurahi sana nikionyeshwa.