Naombeni ushauri: dawa ya kutapika inamlaza mama kupita kiasi

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 71. Wiki iliyopita alishikwa na kizunguzungu na kutapika, akaandikiwa promethazini, kidonge cha miligramu 25 usiku. Kutapika kulikoma siku ile ile, hapo sina neno.

Shida ni asubuhi. Juzi nilimkuta bafuni kashika mswaki, anautazama tu kama hajui wa nini. Mdomo umemkauka, akitembea anashika ukuta. Jana nusura aanguke.

Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi: kumbe ni dawa ya aleji ya kizamani, inatumika pia kwa kichefuchefu cha safari na kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji. Imeandikwa wazee wawe waangalifu, na mwenye presha ya macho amwambie daktari. Mama anayo, na hakuna aliyemuuliza! Leo nimesitisha kidonge mpaka nipate majibu, na nimeshaomba kumwona daktari kesho.

Je, kuna aliyeuguza mzazi akapewa hii? Alipunguziwa dozi au alibadilishiwa dawa? Ule usingizi ulichukua siku ngapi kuisha? Na nimuulize daktari nini hasa?

Halafu wifi yangu ameona mama anavyolala, sasa anataka vidonge vilivyobaki ampe mwanawe wa mwaka mmoja kwa ajili ya safari. Nimevificha. Hairuhusiwi chini ya miaka 2, inaweza kumzuia mtoto kupumua. Nisaidieni na maneno ya kumwelewesha, mimi hanisikii.