Mjadala: Je, sanamu za makaburini za enzi ya Tang ziendelee kupigwa mnada?

Mtoa hoja: Sanamu za farasi, ngamia na walinzi zilizofinyangwa China wakati wa utawala wa Tang (618–907), zikachomwa na kupakwa rangi zing'aazo za kijani, kaharabu na krimu, hazikukusudiwa kuonwa na aliye hai, kwani zilizikwa pamoja na wakubwa ili ziwatumikie huko waendako. Zilifumuka kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, reli ilipojengwa karibu na mji wa Luoyang na kukata makaburi ya kale. Desemba 1989, mwaka ule ule China ilipojiunga na mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, farasi mmoja aliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3.7. Msimamo wangu ni kwamba sanamu isiyo na hati za kuthibitisha kuwa ilitoka China kabla ya 1970 isipokelewe mnadani.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, unatubana mno. Sanamu hizi zilitolewa kwa kalibu, na makumbusho ya China yamejaa za aina hiyo. Isitoshe, huuzwa na cheti cha maabara kinachothibitisha umri wake. Mnunuzi aliyelipia kipimo amekosa nini?

Mtoa hoja: Mtego uko kwenye cheti hicho hicho. Ukimpindua farasi wa namna hiyo, mara nyingi utaona upande wa chini, pasipopakwa rangi, tundu dogo moja au mawili yaliyotobolewa ili kupata unga wa udongo. Unga huo ukipashwa moto hutoa mwanga hafifu, ambao kwao hukadiriwa muda uliopita tangu udongo utoke tanuruni. (Hata umri huo huchezewa, maana waghushi hupachika vipande vya udongo wa kale pale wanapojua patatobolewa.) Kipimo hakisemi kaburi lilivunjwa na nani wala lini, kwa hiyo aliyelivunja mwaka jana na mjukuu aliyerithi kihalali hupata cheti kile kile.

Kuhusu kalibu, ninakubali kwamba nyingi zinafanana, ila maana yake imo katika kundi. Jumba la Makumbusho la Uingereza, British Museum, lina sanamu 13 zinazohusishwa na kaburi la Liu Tingxun, jemadari aliyefariki mwaka 728. Kwa kuwa hazikutawanywa, tunauona msafara mzima: wanyama wa kutisha wawili, walinzi wawili, maofisa wawili, farasi wawili, ngamia wawili na watunza wanyama watatu. Ukiuza ngamia mmoja peke yake, umebaki na pambo la sebuleni.

Ninalokiri kuwa gumu ni suala la familia zilizonunua zamani kwa nia njema na hati zikapotea. Mwenye njia ya kuzitendea haki hizo bila kumfungulia mlango mvunja makaburi, ninamwomba aieleze hapa.