Meli ya St. Louis 1939: hivi kweli hakuna aliyekuwa na nafasi?

MvuviWaKirumba: Wakuu habari za jioni. Kijana wangu wa form three kaja na swali la historia limenikosesha usingizi. Kuna meli inaitwa St. Louis, iliondoka Hamburg tarehe 13 Mei 1939 na abiria 937, karibu wote Wayahudi wanamkimbia Hitler, wana vibali vya kushukia Cuba. Wanafika Havana wanaambiwa vibali vimefutwa, wakaruhusiwa 28 tu. Ndugu zao waliotangulia wakakodi mitumbwi wakawa wanaizunguka meli wanaita majina, wa juu wanapunga mikono, basi. Mimi nashinda pale mwaloni, najua sauti inavyosafiri juu ya maji jioni, hiyo picha haitoki kichwani. Meli ikapita hadi Florida wakawa wanaona taa za Miami na bado wakakataliwa. Kwa nini jamani?

TichaNyakato: Mkuu, mlango ulishafungwa mwaka mmoja kabla. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, mji wa ufukweni mwa ziwa kama huku kwetu, kujadili hao wakimbizi wa Kiyahudi waende wapi, Rais Roosevelt wa Marekani ndo aliitisha. Siku tisa za maneno matamu, kila mjumbe anasikitika halafu anaeleza kwa nini kwao haiwezekani, ajira hakuna, uchumi mbaya. Mwakilishi wa Australia alisema wazi kwamba kwao hawana tatizo la ubaguzi wa rangi na hawataki kuliingiza. Jamhuri ya Dominika tu ndo ilisema itatoa nafasi hadi laki moja, na waliofika kule hawakufika hata elfu moja. Marekani ilikuwa na kota ya watu 27,370 kwa mwaka kwa Ujerumani na Austria, foleni ni ya miaka, na abiria wengi wa St. Louis walikuwa kwenye hiyo foleni. Yaani walikuwa wanasubiri zamu yao! Na sisi tumo, Novemba 1938 Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, alitaja Tanganyika bungeni kule London kama sehemu ya kuwapeleka, lakini waliofika walikuwa wachache mno.

BintiWaNgara: Mwalimu asante. Mimi nilikuwa mdogo Ngara mwisho wa Aprili 1994 watu kama laki mbili na nusu walipovuka Rusumo ndani ya siku moja hivi wakitokea Rwanda. Mama alipika sufuria kubwa la ndizi, akawa anagawa barabarani hadi likaisha, akarudi kupika tena. Hakumuuliza mtu karatasi. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi kubwa kama Marekani ilikosa pa kuweka watu 900 siwezi kumwelewa, nasema kwa uchungu kabisa.

MvuviWaKirumba: Dada umenigusa. Sasa hao wa kwenye meli waliishia wapi?

TichaNyakato: Nahodha, Gustav Schröder, Mjerumani, aligoma kuwarudisha Ujerumani mpaka wapate pa kushukia. Wakagawanywa Juni 1939, Uingereza 288, wengine Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Mwaka uliofuata Hitler akaziteka hizo tatu. Katika 620 waliorudi bara la Ulaya, 254 waliuawa.

MvuviWaKirumba: Nimemsomea kijana hii, kakaa kimya, halafu kaniuliza kama wale wa kwenye mitumbwi walisubiri mpaka meli ilipopotea machoni.