Datsun 240Z ya Safari 1971, skeli 1/24: stika za boneti zina weupe chini yake

mkonge24:
Wakuu, ninaunga modeli ya plastiki, seti ya Hasegawa ya Datsun 240Z, lile gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mbio za Safari Rally za 1971. Bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Stika za maji (zile za kuloweka kabla ya kubandika) za boneti zimekauka zikabaki na weupe kama ukungu. Za milangoni ziko safi kabisa. Zinaokoleka? Na vumbi la Safari nilitengenezeje? Udongo mwekundu upo, nafikiria kuuchekecha.

msasa2000:
Mkuu, huo weupe ni hewa. Uso wa rangi isiyong'aa una vinundu vidogo. Stika imelala juu ya vinundu, hewa imenaswa katikati. Milango inang'aa, ndiyo maana huko hakuna tatizo.

Usizibandue, zitachanika. Toboa kwa ncha ya sindano pale penye weupe tu, kisha paka dawa ya kulainisha stika, Mr. Mark Softer au Micro Sol, kwa brashi laini. Stika itajikunjakunja mpaka uogope. Usiiguse! Itajinyoosha yenyewe ikikauka. Acha saa kadhaa, rudia mara tatu au nne.

Boneti ijayo: nyeusi, klia (vanishi isiyo na rangi) inayong'aa, stika, halafu klia isiyong'aa juu ya vyote.

klia_ya_pwani:
Nyongeza kwa hapo juu. Kama klia ni ya laka, anza na tabaka mbili tatu nyepesi sana, karibu kavu, ukipumzisha dakika 15 hivi kila moja. Ukiilowesha stika mara moja, tina (kiyeyusho) iliyomo kwenye klia inaila.

Na aliye Mombasa, Tanga au Dar asipulize siku ya mvua. Tina ikiruka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unageuka umande juu yake, klia inakuwa ya maziwa.

bonde_la_ufa:
Udongo halisi hapana, mkuu, hata ukichekechwa. Chembe ya nusu milimita kwenye 1/24 ni kokoto ya milimita 12.

Saga chaki za pasteli kwenye msasa: kahawia nyekundu, manjano ya udongo kidogo, na nyeupe, maana vumbi likikauka hupauka. Gari dogo likiwekewa rangi kali linaonekana kama limepakwa matofali. Panga vumbi lilivyo barabarani: nyuma ya kila gurudumu, chini ya milango, na zaidi kabisa mgongoni mwa gari, kwa sababu hewa inayozunguka nyuma hulivuta huko. Paa lipate kidogo tu. Kwenye kioo cha mbele, kata utepe wa kufunikia wenye umbo la njia ya waipa, ubandike kabla ya kupuliza vumbi jembamba. Ukiubandua, kioo kimefutwa.

Klia yoyote itangulie vumbi. Ikija baada yake, nusu ya vumbi inapotea. Kulishikisha, gusa kwa brashi yenye tone la tina ya enameli, lakini isifike kwenye plastiki isiyo na rangi, hasa ekseli na sehemu zilizobanwa: inazipasua.

mkonge24:
Nimeelewa, naanza na sindano. Vioo je, supaglu?

msasa2000:
Hapana, mvuke wake unatia ukungu kwenye plastiki angavu. Gundi nyeupe ya mbao, kidogo pembezoni. Ikikauka haionekani, na ikizidi inafutika kwa kitambaa chenye maji.